Fundo la Bomba la Jikoni

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini sijawahi kuanza kusema na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo kwa sababu tu umekufa.

Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba, pale bomba la karo linapotokea ukutani. Mikono inaninuka mpira na maji ya vyombo. Leo nimekata kiraka chako, Baba. Nisamehe. Au ngoja kwanza, usinisamehe mpaka nimalize.

Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo kutoka Shishiyu waligawa vitu vyako. Baiskeli na koti akapewa kaka Shija. Plau ikaenda kwa baba mdogo. Mimi, binti uliyemfundisha kushika spana kabla hajajua kusonga ugali, nikapewa shuka. Shuka, Baba! Nikapiga magoti, nikasema wabeja, asanteni, nikatoka nje kulia. Ndipo nikaliona bomba. Nikajiambia, hili hakuna mzee aliyelitaja, hili ni langu.

Ulilibeba mwenyewe begani kutoka kwenye vyuma chakavu vya kiwanda cha pamba, miaka ile madukani mna chumvi na rafu tupu. Lilipopasuka pale kwenye kona, usingepata jingine Bariadi nzima. Nilikuwa darasa la tano. Ukasugua kutu kwa mchanga, ukalifuta bomba likakauka, ukalifuta tena, maana ulisema chuma chenye maji hakishiki kitu. Ukaponda sabuni ya mche pamoja na pamba, ukaukandika ufa kwa kidole gumba. Kisha ukachana tyubu ya baiskeli utepe mrefu, ncha ukanipa mimi.

"Anza mbali na ufa, mayu. Vuta mpaka mpira ulie."

Uliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yako, nami nilivimba kichwa kweli kweli. Ukazungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, ukamalizia kwa waya. Ukasema, "Hii ni ya muda tu."

Ya muda! Sasa nina watoto wawili. Ikaja ruksa ya biashara huria, maduka yakajaa, wakaja wanunuzi binafsi wa pamba na mizani yao, kiwanda kikanyamaza na ninyi mkapunguzwa kazi. Mabomba ya plastiki yakaning'inia mpaka nje ya maduka. Ulikuwa unakwenda kuyapapasa, unauliza bei, unarudi ukisema plastiki ni midoli ya watoto. Nilikucheka. Sikufikiri kabisa kwamba mfukoni hamna kitu. Ulichana tyubu nyingine, ukafunga upya, na sheria ya nyumba ikabaki ileile: maji ya moto yasimwagwe kwenye karo, yatayeyusha sabuni.

Siku ya kukuzika nani angekumbuka sheria ya sabuni? Akina mama waliokuja kutusaidia walikuwa na masufuria yenye mafuta, wakachemsha maji, wakaosha, wakamwaga. Mimi mwenyewe nilimwaga beseni mbili. Jioni yake kiraka kilikuwa kinatiririka, na ukuta wetu wa matofali mabichi ukaanza kunywa. Tena ukuta wa chumba cha Mama.

Shija alileta bomba jipya, gundi na msumeno. Nikasimama mbele yake kama kuku mwenye vifaranga. Nilimwambia maneno ambayo mtu haandiki kwenye barua ya mzazi. Nilimwambia, "Una baiskeli, una koti, hiki ni kitu cha mwisho Baba alichokifunga kwa mikono yake, ukikigusa utanikata mimi kwanza." Akaondoka bila kunywa chai.

Wiki tatu, Baba. Kila asubuhi naongeza mpira juu ya mpira, nafunga huku nalia, hata siangalii ninachofunga, maana kote kumejaa tope na ukoko wa mafuta. Naweka ndoo chini. Maji yananishinda akili. Jana kipande cha ukuta kimedondoka upande wa kitanda cha Mama. Alisogeza kitanda chake katikati ya chumba, akaendelea kuchambua mchele.

Leo asubuhi nimechukua kisu. Nikatoa mpira wangu wote, nikaosha tope, nikafika kwenye wako. Nikatafuta waya wako nianzie hapo. Hakuna waya. Upande wa ukutani, mahali ambapo macho hayafiki, kulikuwa na fundo la kipande cha kanga, ncha imechomekwa chini, lile la kufungia furushi la pamba tukitoka shamba. Halafu nikaona mizunguko yote imekwenda kushoto.

Wewe hukuwa mshoto, Baba. Mshoto ni Mama.

Nikamwita. Alikuja akijifuta mikono, akaliona fundo, akanieleza yote akiwa amesimama. Kwamba tangu mikono yako ilipoanza kutetemeka, kila ulichofunga kilivuja kesho yake. Ulipokwenda kuota jua na kusalimiana na wapita njia, yeye alifungua, akafunga upya. Ukirudi unapapasa chini ya bomba, unakuta pakavu, unasema kwa sauti, "Fundi hazeeki." Naye anaitikia, "Kweli, fundi." Mwaka mzima.

Loo! Nimemfukuza kaka yangu kwa kulinda kazi ambayo si yako. Nilicheka, kisha kicheko kikanigeuka, nikakaa palepale kwenye tope. Mama naye akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Akaniomba nisikuseme vibaya. Alisema hukujua, na bora hukujua.

Ndipo nikakumbuka kiangazi kilichopita. Nilikuwa nakwenda sokoni, nikakuuliza nikuletee waya wa bomba. Ukasema, "Achana na waya. Tafuta kanga kuukuu, iliyolainika. Waya unachoma vidole." Nikakutania: vidole vyako hivyo vigumu kama kwato, vimeanza lini kuchomwa na waya? Ulicheka mpaka ukakohoa. Nami nikakuletea kanga ya bluu.

Fundo ni la bluu, Baba.

Nimemwambia Mama kwamba ulijua, na kwamba vidole ulivyovihurumia ni vyake. Ameniomba nirudie mara mbili, halafu ameingia ndani na kile kitambaa, na mpaka sasa hajatoka. Shija nilimwita, nimemwomba radhi, akakata bomba la zamani na kuunga jipya. Chai amekunywa vikombe vitatu.

Nakuahidi ukuta wa Mama nitaujenga kwa matofali ya kuchoma kabla mvua hazijaanza, kwa mikono yangu, na sitasema ni wa muda. Pumzika, Baba yangu. Mama akitoka nitapapasa chini ya bomba mbele yake, na nitasema kwa sauti kama ulivyokuwa ukimwambia yeye siku zote: fundi hazeeki.

Mayu wako