Mtani, Wamekufanya Mzimu Unaolia

Mtani wangu Pazi,

Shikamoo sikupi. Hata ulipokuwa hai hukuipata kwangu, na kufa hakukuongezei umri. Nakuandikia kwa hasira, na wengine wasome, hasa wanao.

Unajua mwenyewe kwamba haya matembezi ya mizimu kwenye makaburi yetu ya zamani niliyaanzisha mimi. Shule niliishia darasa la tano, lakini Wazungu kwa Wachina walikuwa wanatoka Mwanza mjini, wanapita Nyegezi, wanakuja mpaka kwenye kimji chetu hiki cha ziwani kumsikiliza Anko. Wewe ulikuwa unabeba taa tu. Haya, na kukohoa nyuma ya kaburi la yule padri Mjerumani, mimi nikifika pale pa kusema, "Na mara akasikika." Ulikuwa unakohoa vizuri. Mama mmoja wa Nyakato aliviacha viatu pale pale akakimbilia barabarani.

Na yule kiboko aliyetoka ziwani jioni kuja kula majani kati ya misalaba? Wageni wote walipanda juu ya mawe. Mimi nilimkemea kwa Kisukuma, akaona aibu, akarudi majini. Wewe ukawa unatangaza kwamba wa kwanza kupanda jiwe nilikuwa mimi. Uongo wa Kizaramo huo.

"Msukuma," uliniambia mbele ya wageni wale wale, "ukifa wewe jeneza watalivuta kwa trekta, kwa ugali uliomo tumboni."

"Na wewe Mzaramo utachelewa hata kuzikwa. Utataka ngoma kwanza."

Walidhani tunagombana. Ikabidi niwaeleze kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, tunatukanana na hakuna kukasirika, na msibani ndiyo kabisa: mmoja akifa, mwenzake anakuja kumtania mpaka wafiwa wacheke.

Basi siku yako nilikuja nimejiandaa. Nimejifunga shuka, nakohoa kama wewe, nataka nishuke shimoni nilale humo, niseme shimo hili ni langu, huyu arudishwe kwao Kisarawe. Mwanao mkubwa akanishika kiwiko.

"Anko, tunaomba uheshimu msiba. Mzee hakuwa mtu wa mzaha."

Wewe, Pazi. Hukuwa mtu wa mzaha. Nikarudi nikasimama na watu, nimeinamisha kichwa kama mpita njia, na matusi yote niliyokuandalia nikaondoka nayo.

Tangu hapo nikiongoza wageni nilikuwa nalikwepa kaburi lako. Mimi niliyempa hadithi kila marehemu pale, hata wasio na majina, wewe sikukupa hata moja. Sasa wametuletea binti aliyesomea utalii, anaitwa Jesca, ana kipaza sauti. Juzi namsikia amesimama kaburini kwako: "Hapa amelala mwongozaji wa zamani. Jua likizama husikika akilia, akimwita mkewe."

"Jesca," nikamwambia, "huyu hakulia hata siku mkewe alipomfungia nje na mvua inanyesha."

"Sasa Anko, wageni wanataka hadithi, na wewe humpi. Nifanyeje? Mpe wewe, au niachie mimi."

Jumamosi nikasimama kwako na kundi zima la wageni. Nikatoa yote. Nikasema huyu hapa ni Mzaramo, alijilaza kidogo mchana, na uvivu wake haujamruhusu kuamka. Nikasema shimo hili lilikuwa langu, ameniwahi kwa tamaa. Nikasema hata mizimu ya jirani imemchoka, maana anaazima sufuria harudishi. Watu walicheka, mmoja akakaa chini kabisa. Jesca naye alicheka, akasema kaburi lako hatalitia mdomo tena.

Nikanyamaza kukupa nafasi. Si ndivyo ilivyokuwa siku zote, nikimaliza mimi unaingia wewe? Nikasubiri. Wageni wakadhani ni sehemu ya hadithi, nao wakasubiri, kimya, wananitazama mimi, na mimi nalitazama kaburi.

Hicho ndicho kinachoniudhi, mtani. Nimekutukana mbele za watu na umenyamaza. Hujawahi kunifanyia hivyo.

Haya, lala, mvivu wewe.

Mtani wako,
Anko wa makaburini