Ushahidi uko mu kisahani

Papa Plamedi,

Minye naenda ku soko. ~~Narudi midi, saa sita.~~ Narudi magaribi, ubaki na mutoto wako umujue vizuri. Jana mbele ya mama yako ulisema Plamedi iko na mikono ya uvivu, ukamunyang'anya bukari, ugali yake, eti anachafua mukeka. Iliniuma.

Sasa sikia. Leo asubui, weye ulikuwa unalala ku mukeka, umetoka ku kazi ya usiku, minye naosha sahani. Mutoto akatambaa mupaka kwako, akatazama ndevu zako, akachagua moja, akaishika na bidole bibili tu, akavuta. Ikatoka! Weye ukaendelea kukoroma. Nilicheka mupaka machozi.

Basi, mutoto akiamuka, mupe kipande ya bukari abonyeze, afinyange kama weye. Kisha kikombe na bifuniko bikubwa, atie, atoe. Usimusaidie! Maharagi na bifungo weka mbali, kila kitu anapeleka mu kinywa. Kijiko nimeficha, usimulishe weye, akule na mikono yake.

Kama hauamini, ndevu yenyewe iko hapa mu kisahani. Na ukilala tena, funika kidevu.

Mama Plamedi