Kisu Nilichokifungua

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo Kamuli? Kifua cha Mama kimetulia, au bado anakohoa asubuhi? Na kahawa, mvua imeiacha ikauke? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Denmaki inauma hadi kwenye kucha.

Simu yetu ilikatika ukiwa umeniuliza kama ukifungue kile kisu cha kukunja nilichokutumia, maana utomvu wa ndizi umekikaza. Jibu lake ni refu, ndiyo maana naandika.

Ninacho kama hicho. Mama mwenye shamba la ng'ombe ninapofanya kazi alinipa nilipomaliza kipindi cha majaribio, pamoja na karatasi ya waranti: kikiharibika kwa kosa la kiwandani wanakubadilishia, maisha yote. Lakini chini wameandika kwamba ukilegeza skrubu zake, waranti imekufa. Basi nikawa nakifuta kwa nje tu, huku ndani kukijaa vumbi la nyasi na manyoya ya ng'ombe.

Asubuhi moja nilimkuta ndama amenyongwa na kamba ya marobota ya nyasi, ulimi nje. Kisu kilifunguka nusu, kikagoma. Nikapiga kelele. Marek, Mpolandi ninayefanya naye kazi, alikuja mbio akaikata kamba kwa kisu chake. Ndama alilala pale kama gunia, mpaka nikakata tamaa, ndipo akavuta pumzi.

Mchana nikakaa mezani na bisibisi. Marek akasema, "Ukifungua hizo skrubu umepoteza waranti. Kitume kiwandani wakakisafishe."

"Na siku ambazo hakipo, nikate kamba kwa meno?"

Nikafungua. Waranti ingenirudishia kisu, Baba, si ndama. Nilisafisha, nikatia tone la mafuta, nikafunga. Kikawa chepesi.

Baada ya miezi kadhaa, kile chuma kinachozuia kisu kisikufungie vidole kikapasuka. Marek akanishauri, "Waandikie, ila usiseme ulikifungua. Hawatajua."

Niliwaza sana. Huenda kosa lilikuwa la kiwandani kweli. Huenda ni mimi niliyekaza skrubu kupita kiasi. Sijui, na hapo ndipo nilipokwama: ningewaambiaje kwa uhakika jambo ambalo mwenyewe sina uhakika nalo? Nikawaeleza yote. Wakajibu kwa adabu kwamba waranti haipo tena. Mama mwenye shamba alisoma, akatikisa kichwa: "Ungenyamaza tu."

Kuharibikiwa na kisu kuliniuma. Kukifungua sikujutii, wala kusema.

Chako kijaribu kwanza kwa maji ya moto na mafuta, bila kugusa skrubu. Kisipolegea, amua mwenyewe ukijua unachokiacha. Uamuzi ni wako, kisu ni chako.

Msalimie Mama. Msalimie Bibi, najua bado anacheka kwamba mtoto wa kibanja cha migomba amekuwa mchunga ng'ombe ugenini. Shangazi wa Igurwa mwambie kitenge chake ndicho ninachojifunika. Na kaka yangu mkubwa ambebe mwanawe mpya kwa niaba yangu, maana sijamwona bado.

Ni mimi binti yako, ambaye hadi leo anaota kwa Kinyambo,

Kokushubira