Hata Wewe, Baba, Sikuambii

Mpendwa baba,

Shikamoo hukohuko uliko. Juzi nilifukuzwa kwenye ule ukumbi ulimofundishia rumba na chacha maisha yako yote, na nilitoka kichwa juu. Spika na kile kioo chako kirefu nilivipakia kwenye bajaji, nikarudi nyumbani Area D nimekikumbatia kioo njia nzima. Dereva akaniuliza kama nahama. Nikamwambia ndiyo, nahama, na sioni haya.

Kosa langu ni kunyamaza. Msimu huu wa harusi nimefundisha maharusi wengi, kwa hiyo wanaosoma barua hii wasijisumbue kutafuta ni nani. Shangazi wa bwana harusi mmoja alinijia wakati nafagia, akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na mimi.

"Mwanangu, wewe ndiye unayemshika kiuno huyu binti kila wiki. Ana mimba au hana? Tuambie mapema, tusije tukaaibika mbele za watu."

"Mimi nafundisha kucheza tu, shangazi."

"Usinijibu kwa mkato. Unajua mwenye ukumbi huu ni kaka yangu?"

"Basi nisalimie huyo kaka yako."

Nilikosa adabu hapo mwishoni, nakiri. Ila ungekuwepo ungecheka, kisha ungenigombeza tukifika nyumbani.

Watu wananiambia si ningesema tu hana, yaishe. Hawaelewi kazi yetu. Nikisema huyu hana, siku nitakayonyamaza kuhusu mwingine, kunyamaza kwangu kutakuwa jibu. Ndiyo maana nawanyamazia wote, mwenye kitu na asiye na kitu.

Hilo umenifundisha wewe. "Naomba mkono," ulimwambia kila mwanafunzi kabla hujamgusa, hata aliyekuja mara ya ishirini. Asipokupa, mlihesabu hatua mkiwa mmeachana, na hukununa. Mlango uliuacha wazi hata vumbi lilipotujaa puani. Mimi nilikuwa nakuigiza mbele ya mama, naomba mkono wa sufuria, naomba mkono wa ufagio, mama anacheka hadi anashika mbavu.

Halafu nikaja kuharibu. Unamkumbuka yule dalali wa mahindi aliyetoka Kibaigwa kila Jumamosi, ajifunze kucheza na binti yake siku ya harusi? Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Niliisikia kwenye viganja vyangu, nikaenda kuisimulia saluni huku nasukwa, nikaigiza na ule mtetemeko, tukacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Hukunipiga wala kunifokea. Ulisema tu, "Vaa viatu." Tukaenda hadi sokoni Kibaigwa, tukapita katikati ya malori na magunia, mpaka tukampata kwenye kivuli cha turubai. Nilidhani utanisukuma mbele niombe radhi. Badala yake ulitangulia wewe.

"Mzee mwenzangu, kosa ni langu. Huyu nimemfundisha miguu, sikumfundisha mdomo."

Dalali alikuwa na miwani mkononi, ikagongagonga gunia. Akasema ni ugonjwa, na alikuwa ameuficha sokoni, maana pale mtu akitetemeka wanasema mlevi, na mlevi hapewi mzigo wa mtu. Sasa maneno yangu ya saluni yalikuwa yamefika, na walikuwa wameshaanza kusema. Alitusamehe, akatuagizia hata soda, lakini darasani hakurudi tena. Siku ya harusi ya binti yake alikaa kwenye kiti akipiga makofi. Mzee ameshafariki, na ni binti yake aliyeniruhusu kuliandika hili. Bila ruhusa yake usingelisoma hapa.

Ile soda mpaka leo naisikia kooni, baba. Niliona aibu, na bado naiona. Lakini aibu hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele ya yule shangazi. Akiwa anaongea mimi nilikuwa namwona mzee na miwani yake, nikajua hakuna ukumbi duniani utakaonirudisha saluni kusimulia mwili wa mtu.

Kwa hiyo wanisikie vizuri. Wafunge ukumbi huu na wa pili. Waseme nina kiburi, tayari wanasema. Nitafundishia uani kwangu, kwenye zege, kioo nimeshakiegemeza ukutani na kuku wanajitazama. Mtu akinipa mkono wake nimfundishe hatua, hakunipa habari za kupeleka kwa ndugu zake.

Bibi harusi alinipigia jioni ile ile, analia. "Dada, nimekuponza."

Nikamwambia, "Hujaniponza. Kesho saa kumi, njoo na viatu vyako."

Jana walikuja wote wawili. Nilisema naomba mkono, bibi harusi akanipa. Bwana harusi alinikanyaga mara nne, na zamu hii amejua kugeuka bila kuangalia chini. Ungewapenda. Nimekukumbuka sana walipokuwa wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama ulivyokuwa unahesabu wewe hata unapokata vitunguu.

Najua sasa hivi umekaa unajiuliza. Ulikuwa mwalimu mwenye msimamo, lakini habari ulizipenda, mama ni shahidi. Unataka kujua kama binti yule alikuwa nayo au hakuwa nayo. Nisamehe. Hata wewe, baba, sikuambii.

Pumzika vyema.

Ni mimi binti yako,
uliyenipeleka Kibaigwa.