Pumu ya Mzamiaji

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Ameingia! Ismaël mwenyewe, kwa miguu yake miwili, ndani ya biro yetu ya safari, ofisini kwangu, asubuhi, wateja wakiwa wamejaa. Na huyo Uwase wake kamshika mkono. Suti ya kijivu. Viatu vinang'aa utadhani hakukanyaga vumbi la mji huu kama sisi wengine.

Miaka mitano amekula kwa mama yangu pale Nyamirambo, hapa hapa Kigali. Miaka mitano watu wananiita mke wa Ismaël hata ndoa haijafungwa. Posa ililetwa, ikapokewa. Halafu mwezi wa nne akamtuma shangazi yake aje kutuambia mambo yamebadilika. Shangazi! Mwenyewe hakuthubutu hata kusimama mlangoni.

Walioana mwezi uliopita, kanisani kwa kina Uwase. Baba mtu ana malori ya Mombasa. Sasa wanataka fungate — melini! Meli ya watalii: inatoka Mombasa, inapita Zanzibar, Komoro, Mayotte, inarudi. Uwase amesoma Ubelgiji, na huko alijifunza kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Ana kadi yake kabisa. Anataka wazamie wote wawili huko Mayotte, wakaone matumbawe.

Alinieleza haya kwa Kifaransa, kwa upole. Hajui mimi ni nani. Kisha akasema mumewe naye ni mzamiaji.

Nikamtazama Ismaël. Mzamiaji! Huyu niliyemwona kwa macho yangu kwenye pisini, bwawa la kuogelea la hoteli, kang'ang'ania ukingo kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake! Akanitupia lile jicho lake la kuomba. Nikasema karibuni, kaeni. Eustache, patroni wangu, ananilipa nitabasamu.

Jumanne, 9 Novemba

Nimeunguza wali. Mama akauliza nina nini, nikamwambia. Akasema nimwachie Mungu.

Namwachia. Lakini na mimi nipo.

Alhamisi, 11 Novemba

Teleksi ya Mombasa imeingia. Kiingereza kitupu. Patroni hakijui, kwa hiyo yote yatokayo Mombasa yanapita mkononi mwangu kwanza. Asante shangazi yangu wa Bukoba uliyenisomesha!

Kumbe kuzamia si kwa kila mwenye tiketi. Lazima uwe na kadi ya mzamiaji kutoka shule inayojulikana, au cheti cha mwalimu aliyekufundisha. Lazima uwe umezamia siku za karibuni. Lazima daktari aandike kuwa u mzima. Na kuna wasioruhusiwa kabisa: wenye ugonjwa wa moyo, wenye kifafa, wenye pumu.

Pumu! Ugonjwa wa Ismaël hasa! Nilicheka mpaka patroni akachungulia kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni mambo ya Mombasa.

Asiye na kadi anavalishwa boya, anakwenda na wazee na watoto kutazama samaki juu juu. Basi. Ninanyamaza. Sitamwambia neno. Aende mpaka huko, asimame mbele ya mke wake, halafu mzungu wa meli amuulize: kadi yako iko wapi, bwana?

Jumamosi, 13 Novemba

Tangu juzi namwona akilini na lile boya la rangi ya chungwa, katikati ya vikongwe vya Kizungu, Uwase anampungia mkono kutoka kwenye boti ya wazamiaji. Raha iliyoje! Leo nimekula sahani mbili. Mama kafurahi, anadhani nimepona.

Jumatano, 17 Novemba

Ismaël alikuja peke yake. Alingoja patroni aende benki kwanza. Uwase kamkumbusha asisahau kadi yake. Kumbe mwanamke anazijua sheria zote! Sasa samaki kanaswa.

"Muka, nisaidie."

Nikamuuliza kwa nini alidanganya. Akasema lilimtoka tu mdomoni, siku ya kwanza, baba mkwe yupo pale, watu wanazungumza habari za Ulaya. Mtoto wa Nyamirambo ana nini cha kusimulia mbele ya watu kama wale? Akasema hivyo kwa sauti ya chini, na kwa muda mfupi — sitaki kuficha — nilimwonea huruma.

Kisha akaongeza: "Wewe ni mtu mwema. Siku zote ulikuwa mtu mwema."

Hapo damu ikanichemka. Mwema! Mtu mwema ndiye yule unayemtumia shangazi.

Nikamwambia nitamsaidia. Alete karatasi ya mwalimu na karatasi ya daktari, zenye kashe, mhuri kabisa. Nani katika mji huu alishawahi kushindwa kupata kashe? Habari za pumu sikuzigusa. Yeye pia hakuzigusa. Na mkobani mwangu, chini ya meza, ilikuwemo ile pampu ya bluu ya kuvuta dawa ya pumu. Yake. Miaka mitano niliibeba mimi, kwa sababu yeye akikohoa usiku ndiye wa kwanza kusahau alipoiweka. Sijui kwa nini sijaitupa.

Ijumaa, 19 Novemba

Kazileta. Évode, anayefundisha watu kuogelea hotelini, kaandika kuwa Bwana Ismaël ni mzamiaji aliyefuzu. Kagonga kashe mara mbili — ile ile wanayogongea tiketi za taulo! Na daktari kafanya kama wanavyotufanyia sote tukitaka karatasi ya kazi au ya shule: unataja jina, anatia sahihi, hakuambii hata utoe ulimi.

Tukajaza maswali ya meli. Mimi nauliza, yeye anajibu, mimi napiga mashine.

Moyo? Hapana. Kifafa? Hapana.

Pumu?

Akatazama mlango. "Hapana."

Nikapiga: HAPANA. Kwa vidole vyangu hivi. Nilijua Mombasa watacheka. Kashe ya taulo! Watamkataa hapo hapo, na mimi ndiye nitakayempigia simu kumpa habari, Uwase akiwa kando yake anasikiliza.

Jumatatu, 22 Novemba

Wamekubali! Mombasa wamekubali! Kashe mbili, sahihi ya daktari, asante sana, karibu melini.

Sikulitegemea hili hata kidogo. Kwa hiyo ataingia majini kweli.

Haya, aingie. Nani kamtuma?

Jumatano, 1 Desemba

Uwase kaja, peke yake. Kanisalimia kwa mikono miwili.

Kaniita dada. Akasema jana shangazi yake Ismaël kamweleza yote, kwamba kulikuwa na posa. Hakuwa anajua. Ananiomba msamaha. Kisha akaacha Kifaransa akanisemesha Kiswahili, hiki cha hapa mjini, kwa shida shida: "Dada, mimi iko na swali moja. Usikasirike."

Kabla ya harusi ukoo wake uliuliza, kama ukoo wowote unavyouliza: nyumba hii ina ugonjwa gani? Kina Ismaël wakajibu hakuna. Lakini Jumapili usiku kamsikia anapumua kwa filimbi, kifua kinapanda na kushuka. Kamwamsha. Ismaël kamwambia ni vumbi. Yeye haamini. Mimi niliyekaa naye miaka, ninajua nini? "Iko na pumu?"

Na akanieleza kwa nini anauliza, akarudi kwenye Kifaransa ili asikosee. Ukiwa chini kule unavuta hewa iliyoshindiliwa. Ukipanda juu hewa ile inatanuka. Mwenye pumu, njia zikijifunga, hewa haitoki, inabaki kifuani inatanuka tu mpaka pafu linapasuka. Hata maji yasipokuwa marefu sana. Mwalimu wao wa Ubelgiji alimkataza kijana mmoja, kijana akalia, lakini hakumruhusu.

Mikono yake ilikuwa juu ya meza yangu. Pete ile. Na kila akimtaja anasema mume wangu, mume wangu, mume wangu.

Nikasema: "Ni vumbi tu, sha. Sisi sote Nyamirambo tunakohoa hivyo."

Lilinitoka laini kabisa. Akavuta pumzi. Akasema asante mara mbili.

Alipotoka nilikwenda bombani nikanawa mikono, sijui ya nini, haikuwa na uchafu.

Jumapili, 5 Desemba

Kanombe, uwanja wa ndege. Patroni alinituma kuwapa tiketi. Magari meupe ya UN nje, askari wanafungua masanduku ya watu mmoja mmoja, foleni ndefu. Uwase kafungua lake. Ismaël akanivuta pembeni, karibu na mizani.

"Muka. Ile pampu unayo bado?"

Aliyo nayo imekwisha. Kununua nyingine ameshindwa, Uwase hambanduki. Mafua yamempata, kifua kimebana tangu jana. Nilikisikia mwenyewe — ile filimbi. Ningeitambua katikati ya soko.

Ilikuwa mkobani. Mkono wangu ulikuwa umeigusa.

"Niliitupa," nikasema. "Mwezi wa nne."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayekubali bei. Akarudi kwa mke wake.

Ndege imepaa. Nataka kuandika kuwa sikufurahi. Uongo! Nilifurahi. Furaha ikanifikisha Remera, njiani kurudi mjini, ikaniacha hapo.

Jumatano, 8 Desemba

Mombasa kuna maduka ya dawa tele. Lakini atatokaje asionekane? Na hata akiipata: huko chini ya bahari ataivutaje?

Leo kazini nimewaza msiba. Siwezi kuzuia, unajileta wenyewe. Wanamleta kwa sanduku. Uwase kakaa mbele, watu wanampa pole — mjane! Yeye ndiye mjane. Na mimi? Mimi niko nyuma ya nyumba na wanawake wa mtaa, namenya viazi vya wafiwa. Nani atanipa pole mimi? Nikilia watauliza anamlilia nani huyu.

Halafu Ismaël ataanza kuwa mtu mzuri. Hayati Ismaël. Mkarimu, mcheshi, kijana wa Nyamirambo aliyefika mbali. Hakuna atakayetaja posa. Hakuna atakayemtaja shangazi. Yote aliyonitenda yatafukiwa pamoja naye, na mimi nitabaki nayo peke yangu.

Hapana! Nilitaka aaibike. Sikutaka atakaswe.

Ijumaa, 10 Desemba

Leo ndiyo siku yao ya Mayotte. Nimekuja biro kabla ya wote, nimejifungulia mwenyewe. Naandika hapa hapa mezani penye teleksi, kwa sababu siwezi kukaa bure.

Nimeitoa pampu mkobani, nimeiweka mbele yangu. Nimeitikisa. Ina dawa.

Nimewaandikia Mombasa: HARAKA. Waiambie meli kwa redio. Abiria Ismaël ana pumu, asiteremke majini, karatasi zake ni za uongo.

Najua nilichofanya. Karatasi zilitoka kwenye mashine ya patroni, kwa jina la biro yake, Eustache atanifukuza leo leo. Na kina Uwase watasema tuliuliza, tukadanganywa. Ndoa itatikisika. Vizuri! Uhai wake na aibu yake, vyote katika mstari mmoja. Kisasi gani kitamu kuliko hiki? Ningepaswa kucheza. Badala yake naitazama mashine.

Na nimekosea saa! Boti inatoka saa nne, nikajiambia muda ni mwingi. Lakini saa nne yao, siyo yetu. Kule wametangulia saa nzima. Sasa hivi wanavaa.

Mombasa wamejibu. Mtu mmoja wa zamu, anauliza kwa utaratibu, kana kwamba tunaagiza sabuni. Anasema redio wanayo. Lakini daktari katia sahihi kuwa abiria ni mzima, na sisi wenyewe Kigali ndio tuliotuma. Mke wake yuko naye melini na hajasema lolote. Hawezi kumsumbua nahodha kwa neno la mtu asiyemjua. NANI ANASEMA?

Nikapiga: biro ya safari, Kigali.

Akajibu kuwa anajua ni Kigali, anaiona kwenye karatasi. Anauliza mtu. WEWE NI NANI WAKE?

Niandike karani? Karani anajuaje kifua cha mteja? Niandike mchumba — tangu mwezi wa nne si kweli. Niandike adui yake, niliyepiga HAPANA kwa vidole hivi, niliyemwambia mkewe ni vumbi, niliyeificha pampu akiniomba? Hapo hataniamini kabisa. Angeniamini kama ningekuwa mke wake. Mke wake angeaminiwa kwa neno moja, na watu waliniita hivyo miaka mitano.

Eustache akifika nitasikia funguo mlangoni. Bado.

Mashine inavuma. Kaandika tena, yule yule, herufi zile zile:

WEWE NI NANI WAKE?

Nimepiga M. Nimepiga K. Kidole cha mkono wa kushoto kiko juu ya E —