Hakukosa Mazoezi

Jumapili, Lewisville

Eti wakapiga makofi! Kwenye ibada ya kumkumbuka Wafula, mwenyekiti wa jumuiya yetu alisema miaka yote aliyowafundisha watoto wetu mpira hakukosa mazoezi hata siku moja, na kanisa zima likashangilia.

Nilitaka kupiga kelele. Wiki aliyofariki, kifua kilikuwa kinamuuma. Tulisoma pamoja tangu darasa la kwanza na mimi ni nesi, kwa hivyo aliniambia. Nikamwambia, "Enda hospitali leo." Akacheka. "Watoto wananingoja, Wanjiru. Nitaenda Jumatatu."

Jumamosi akaanguka uwanjani, mbele yao.

Nimemkasirikia sana. Nimejikasirikia zaidi, kwa sababu niliikubali hiyo Jumatatu.

Makofi yalipoisha, mkewe, aliyempakata binti yao mdogo, aliniinamia akasema, "Si angekosa siku moja tu."