Ukurasa wa Shukrani

Mdogo wangu,

Mtoto hajambo? Huku mvua imevujia kabati lako, lakini nguo nimezianika. Mama anakohoa kidogo tu.

Kile kitabu cha mtafiti kuhusu kiwanda chetu kimetoka. Unakumbuka, mimi mwalimu wa chama cha wafanyakazi ndiye niliyewashawishi mzungumze naye, nikawaapia hakuna atakayejulikana. Kweli, ndani majina yote yamebadilishwa. Hata wewe usingejitambua.

Ila mwishoni kuna ukurasa wa shukrani. Mtafiti aliniachia niuandike mwenyewe, nikaandika kwa moyo mweupe: "Tunawashukuru waliotusimulia," kisha majina yenu kumi na moja, yale ya kweli. Si Mama alitufunza muungwana hasahau fadhila? Basi nikashukuru.

Jana meneja aliniita. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa ukurasa huohuo. Akasema kwa upole, "Hongera, mwalimu." Kisha akauliza likizo yako ya uzazi inaisha lini. Nikasema sijui.

Jina lako ndilo la kwanza. Nililitanguliza kwa kujivunia damu yangu.

Jumatatu likizo yako ikiisha, usije kazini, nakusihi.

Ni mimi dada yako, niliyekutaja.